Sikio Kwenye Freza

Siku watafiti walipokuja kukata masikio, fundi cherehani alikuwa amebakiza mikono ya gauni la bibi harusi. Alifunika kitambaa kwa shuka, akamwambia mumewe asiiguse pasi, akaenda zahanati akiwa na nia ya kurudi kabla chai haijapoa. Barazani palikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza kila mtu alipewa kikopo chenye kifuniko cha rangi ya machungwa cha kuwekea choo, kwa ajili ya kutafuta minyoo. Meza ya pili ilikuwa ya wenye mabaka tu, na huko ndiko kulikokuwa na wembe.

Utafiti ulikuwa wa ukoma na minyoo kwa pamoja. Watu wa taasisi walitaka kujua kama mwenye minyoo tumboni hupatwa na ukoma upesi zaidi kuliko mwenzake, na kisiwa kile kilikuwa na vyote viwili kwa wingi. Wenyeji waliona ni sifa ya namna fulani. Si haba kujulikana kwa kitu. Vikopo vilizua vicheko asubuhi nzima. Mzee mmoja alirudisha chake kitupu, akasema yeye hafanyi haja kwa amri ya serikali.

Fundi hakucheka sana. Alikuwa na baka lililopauka nyuma ya mkono wa kushoto, lisilowasha wala kuuma, na vidole viwili vya mwisho vya mkono huo vilikuwa vimeanza kukunjika bila ruhusa yake. Pasi ilikuwa imemuunguza mara kadhaa, naye akajua kwa harufu. Mikono ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha tangu akiwa msichana, na alikuwa akiiogopea kuliko alivyoogopa kufa.

Mtafiti, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alibana ndewe ya sikio lake la kulia mpaka ikawa nyeupe. Akachanja, akakwangua majimaji kidogo na kuyapaka juu ya kioo, kisha akakata kipande kidogo kama punje ya mchele, akakitumbukiza kwenye kichupa.

"Pole, mama."

"Haijauma."

Mtafiti aliandika kwamba haikuuma. Kisha akamweleza kwamba ukoma unatibika, vidonge ni vya bure, na akivianza mapema vidole havitaendelea kukunjika. Majibu yakitoka, dawa itakuja kwa meli ikiwa na jina lake juu yake.

"Mapema ndiyo lini, daktari?"

"Majibu yakitoka."

Jioni meli iliondoka na vikopo na vichupa. Juma lililofuata, fundi akiwa ameshika futi kiunoni mwa mteja, alisikia mlango ukifunguliwa na sauti ya mwanamke ikisema, "Nani kaweka ayiskrimu humu tena?" Mlango ukafungwa, ukabaki mvumo. Fundi alimwomba mteja radhi, akampima upya.

Alielewa mara moja kilichokuwa kimetokea, kwa kuwa sauti ile iliingia kwenye sikio la kulia tu, na sikio la kulia ndilo lililosafiri. Wenzake waliokatwa siku ile walisikia mvumo pia, ila walidhani ni maji ya kuoga yameingia. Vichupa vyao vilikuwa ndani kabisa ya freza ya taasisi. Chake kilikuwa kwenye rafu ya mlango, na mpira wa mlango wa freza ile ulikuwa umelegea, ndiyo maana yeye alisikia na maneno. Waliotoa choo hawakusikia chochote, na kila mtu alishukuru.

Mumewe alikuwa fundi redio. Walifanyia kazi chumba kimoja kinachotazama barabara, mashine ya mke upande wa dirisha na meza ya mume upande wa ukuta, katikati wakiwa wametenganishwa na utani wa miaka mingi. Aliposikia habari ya freza aliweka kisu cha waya chini, akaja akalikagua sikio kwa tochi. Alimgeuza mkewe uso kwenye dirisha, akamgeuza mlangoni, akamsimamisha juu ya kigoda. Mwisho alilisogelea sikio akapaza sauti, "Halooo! Hapa kisiwani! Mnatupata?" Muuza vocha wa ng'ambo ya barabara akaitikia kwamba anawapata.

Huko taasisi hakuna aliyeshtuka.

"Unapokea, lakini hurushi," mumewe akasema. "Ndivyo ulivyotengenezwa. Ingekuwa ulimi wamekata, tungekuwa tunazungumza."

"Ungefurahi wewe wakate ulimi."

"Sijasema hivyo. Nimesema kifundi."

Basi watu wakazoea kupita dukani kuuliza leo kuna habari gani taasisi. Fundi aliwapa huku akikanyaga mashine. Kulikuwa na binti wa hadubini, ambaye ndiye aliyekuwa akisoma vioo, na ambaye aliimba vibaya lakini kwa moyo. Alikuwa na mchumba aliyempiga danadana kila akitaja mahari, na kisiwa kizima kilimchukia mchumba huyo bila kumwona. Kulikuwa na mkuu wa idara aliyekohoa kabla ya kusema hapana. Na mtafiti mwenye miwani ya uzi alisikika mara chache, kila mara akitafuta kalamu.

Siku moja mlango ulifunguliwa, vichupa vikagongana, na mvumo ukakatika. Fundi aliacha kukanyaga. Alisikia wimbo wa binti, kisha wimbo ukakatika nao.

"Maskini, huyu ana vijidudu vingi jamani," binti akasema. "Njoo uone. Vimejaa pomoni. Ni yule wa kisiwani aliyesema haijauma."

"Usiniambie!" Ilikuwa sauti ya mtafiti. "Mimi sitakiwi kujua kabla ya msomaji wa pili."

"Samahani."

"Msomaji wa pili yuko wapi?"

"Likizo. Mkewe amejifungua."

"Kirudishe kwenye freza. Akirudi atasoma, mkikubaliana ndipo yanakuwa majibu."

Mlango ukajaribu kufungwa. Fundi alivaa viatu, akaenda moja kwa moja zahanati.

Muuguzi wa zahanati alikuwa wifi yake, dada mdogo wa fundi redio, mwanamke mwenye sauti ya juu na roho laini. Alikuwa akifunga kidonda cha mtu. Alimsikiliza wifi yake mpaka mwisho bila kumkatiza, akaosha mikono, akaketi.

"Nakuamini, wifi. Neno kwa neno."

"Basi nipe dawa."

"Sinazo. Zingekuwepo ningekuwa nimeshakupa, hata wanifukuze. Zinakuja na jina la mtu, na jina linatoka na majibu, na majibu ni mpaka wawili wasome."

"Lakini mmoja kasema. Nimemsikia kwa sikio langu."

"Umemsikia. Lakini mimi nikiandika kwamba mgonjwa alijisikilizia majibu mwenyewe, wataniuliza msomaji wa pili ni nani."

"Sema ni wewe."

Wifi alifikiri. Ilionekana kabisa kwamba alikuwa anafikiri. Kisha machozi yakamlenga, akasema, "Mimi sina hadubini, wifi." Kabla ya kuagana alimfundisha kukagua mikono kila jioni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayechambua mchele, maana mkono wenyewe hautasema tena ukiumia.

Fundi hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alianza kushona kwa kutazama badala ya kugusa. Mumewe alimtungia uzi kwenye sindano, akamfungia kitambaa kwenye mpini wa pasi, akatangaza kwa wateja kwamba siku hizi mkewe ni bosi na yeye ni kibarua. Hata hivyo gauni jeupe la komunyo lilirudishwa likiwa na doa la damu kwenye upindo, na mama mwenye gauni, kwa adabu yake, hakuuliza ni damu ya nani. Fundi alilifua mwenyewe, akatoa lingine bure. Usiku ule hakula.

Wakati huo mlango wa freza ulikuwa ukizidi kulegea. Alijua kwa sababu maneno yalikuwa yakimjia wazi zaidi, hata mlango ukiwa umefungwa. Alimsikia binti akimlalamikia mkuu, na mkuu akikohoa. Mumewe, ambaye alikuwa amewahi kutengeneza majokofu kabla ya redio, alisema huo ni mpira tu, kazi ya nusu saa na gundi, na kama si bahari angeenda mwenyewe na bisibisi yake. Wifi akapiga simu taasisi.

Walipiga kutoka zahanati, fundi akiwa ameketi pembeni. Alisikia simu ikilia kwenye sikio la kulia, mbali kidogo, kama kwenye chumba cha pili. Wakati huohuo, kwa sikio la kushoto, alimsikia wifi akipumua kwa kungoja.

"Inalia," akamnong'oneza. "Wanamwambia binti apokee. Anafuta mikono. Anakuja."

"Haloo, maabara," simu ikasema.

Wifi alijitambulisha, akauliza majibu ya wagonjwa wake. Akaambiwa kwa upole kwamba yanashughulikiwa.

"Na jambo lingine, dada. Mlango wa freza yenu haufungi. Mpira umelegea."



"Umejuaje?"

"Mgonjwa wangu mmoja anasikia kutoka humo ndani."

"Aa." Binti hakushangaa, alisikika zaidi kama mtu aliyefarijika kwamba amepata shahidi. "Na mimi nimewaambia hapa mpaka nimechoka. Kwani yeye anasikiaje, vizuri?"

"Vizuri sana. Anasema huyo mchumba wako muache."

"Kila mtu ananiambia hivyo," binti akasema kwa huzuni. Kisha akaeleza kwamba maombi ya matengenezo hupelekwa na mtumiaji wa freza kwenye idara ya majengo, na mtumiaji kwa mujibu wa utaratibu ni mtafiti mwingine aliyeinunua, naye alishastaafu. Mgonjwa si mtumiaji. Angekuwa mtumiaji, ingekuwa rahisi.

"Lakini yumo ndani," wifi akasema.

"Ni kweli. Nitaliwasilisha."

Aliliwasilisha. Fundi alimsikia akiliwasilisha, na akasikia kikohozi.

Freza iliharibika Jumamosi. Fundi alikuwa akikata mikono ya shati aliposikia mvumo unapanda, unatetemeka, unakatika. Baada ya hapo likaanza tone moja, kimya, tone jingine. Alimwambia mumewe. Mumewe alisimama katikati ya chumba, akatazama zana zake zote zilizopangwa ukutani, na kwa kuwa hapakuwa na hata moja ya kufaa, alizima redio zote zilizokuwa zikijaribiwa mezani ili mkewe asikie vizuri. Wifi alikuja mbio na simu, wakapiga na kupiga. Fundi aliisikia ikilia kule, chumba cha pili, juu ya sauti ya mpira wa miguu.

"Hawajui leo ofisi zimefungwa?" mlinzi wa taasisi akamwambia mtangazaji wa mpira kwenye redio yake.

"Mwambieni afungue mlango aangalie!" fundi akapiga kelele. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, kwa mdomo wake uliokuwa hapa, na watu wa barabarani wakageuka. Mumewe alimshika mabega. Matone yalianza kufuatana. Kichupa kimoja kikaanguka, kikabiringika, kikatulia. Fundi alilia mchana ule wote na siku iliyofuata, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, naye hakumficha mtu.

Jumatatu binti alifungua mlango akasema, "Mungu wangu." Alilia pia. Kisha zikaja glovu, mifuko, gurudumu la toroli lililohitaji mafuta, na mlango mzito wa chuma. Fundi alisikia moto ukiwashwa. Ulisikika kama karatasi nyingi zikifunuliwa pamoja, halafu sikio la kulia halikusikia tena kitu, si cha kule wala cha hapa.

Wenye mabaka wote walipoteza sikio la kulia dakika hiyohiyo. Mmoja aliyekuwa akipanda ngazi alihisi dunia imelalia upande, akakaa chini kwanza. Kuanzia hapo, kwenye mikutano na misiba, walijifunza kuketi mwisho wa benchi upande wa kulia, ili maneno yote yawajie kwa kushoto. Wengine wakiwahi kukaa pale, waliwapisha.

Mtafiti alirudi na meli. Alikuja dukani kwa fundi yeye mwenyewe kabla hata hajafika zahanati, na hilo lilihesabiwa kuwa ni uungwana. Miwani ilikuwa na uzi mpya. Mume wa fundi alimpa kigoda, akamwekea upande wa kushoto wa mkewe.

"Nadhani mmesikia yaliyotupata," akasema.

"Nilikuwepo," fundi akasema.

"Ndiyo. Binti aliniambia. Samahani sana." Alikuwa anamaanisha, mikono yake ilikuwa inatafuta kalamu ambayo hakuihitaji. "Basi unajua sina majibu ya kukupa."

"Unayo. Niko pomoni. Ulisema usiambiwe, lakini uliambiwa."

Mtafiti alitazama chini. "Nililisikia la msomaji wa kwanza tu. Hilo si majibu bado, mama. Laiti ningeweza."

Fundi aliweka mkono wa kushoto juu ya meza ya mashine, mbele yake, kama anavyoweka kitambaa kwa mteja. Vidole vinne sasa vilikuwa vimekunjika. Kidole gumba tu ndicho kilichokuwa kikisikiliza amri.

"Nipe dawa sasa. Sikio mtachukua baadaye, hata yote mawili."

"Ukimeza dawa kwanza vijidudu vitakufa, na kipande hakitaonyesha chochote. Utasomwa kama mzima, na aliye mzima hatumiwi dawa. Nakusihi uelewe. Nachukua kipande leo, mmoja anasoma, wa pili anasoma, na dawa inapanda meli. Tumepata freza mpya."

"Chukua kwenye kiwiko," mumewe akasema. Hakuwa na utani hata chembe. "Kwenye goti. Mna watu mnaowachukua kwenye goti, dada yangu kaniambia. Mbona lazima sikio?"

"Utafiti ulianza na masikio. Nikibadilisha sasa, hakitalinganishwa na vya wengine. Kitatupwa."

"Sikio lenyewe ndilo hilo moja limebaki, bwana daktari!"

"Najua," mtafiti akasema. Kweli alijua. Alitoa miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akasema jambo hilo la kusikia lingestahili utafiti wake peke yake, na kwamba aliwahi kulipendekeza, na mkuu alikohoa.

Fundi alitazama mkono mezani. Alifikiria sauti ya mashine, ambayo ilimjulisha sindano inapopinda kabla jicho halijaona, na utani wa mumewe, ambao asingeukiri mbele ya watu kuwa ndio uliomfanya aamke kila asubuhi. Akafikiria kidole gumba. Alipiga moyo konde, akavuta nywele nyuma ya sikio la kushoto.

"Kata upesi," akasema. "Nina kazi ya watu."

Mumewe alitoka nje akasimama barabarani mpaka ilipokwisha.

Siku chache kabla ya meli kufika bara mumewe alizungumza naye mfululizo, hata juu ya mambo yasiyo na maana, bei ya betri, jirani na kuku wake, ili asikie akiba ya kutosha. Kisha kichupa kikawekwa kwenye freza mpya. Ilikuwa freza nzuri sana. Mlango wake ulifunga barabara, na fundi hakusikia tena kitu chochote ila mvumo wake, mchana na usiku, laini na sawasawa.

Mara moja tu mlango huo ulifunguliwa, watu wa taasisi wakiweka sampuli za mradi mwingine. Alisikia kwamba msomaji wa pili amerudi likizo, amenenepa. Binti wa hadubini alikuwa ameolewa na mwingine kabisa, akahamia mji wa mbali, na nafasi ya msomaji wa kwanza ilikuwa haijatangazwa. Fundi alizipeleka habari hizo zahanati kwa sauti kubwa isiyojipima, na wifi alimwandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba wasubiri. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walifurahi kwa ajili ya binti.

Aliendelea kushona. Mashine ilizunguka kimya mbele yake, na yeye aliifuata kwa macho tu, akiiwekea kitambaa kwa kidole gumba na kiganja. Alasiri moja alikuwa ameshikilia upindo wa pazia, mshono mrefu ulionyooka ambao hauhitaji akili. Alipofika mwisho aliinua macho apumzike, akaona meza ya mumewe haina mtu, na tochi yake inawaka bure juu ya redio iliyofunguliwa. Akamtafuta mlangoni, akamtafuta dirishani. Ndipo alipotazama chini upande wake wa kushoto. Mumewe alikuwa amechuchumaa kando ya kiti, midomo ikicheza taratibu, akiwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili, na mkewe hakujua alikuwa ameushika tangu lini.